Tusilipe piesi peke yake, tulipe na modeli yake



Katika gazeti hili tunasomaka juu ya mbegu, juu ya mbolea, juu ya ugonjwa wa mihogo na bei ya mahindi. Ni vizuri. Lakini kuna jambo moja linalotuibia mavuno kila mwaka na hatulisemi: chuma. Mulini ya kusaga, mashine ya kukamua mawese, mashine ya kumenya kahawa, pompi ya maji, zote zinasimama juu ya vipande vilivyoyeyushwa na kumiminwa. Siku kipande kimoja kinavunjika, koperative nzima inakaa chini.

Sisi tunasema hivi: kipande kikivunjika, tusikimbilie kununua kingine peke yake. Tulipe na modeli yake, na tumlipe mtu anayejua metali. Tutaeleza sababu, kwa maana tulijifunza kwa kupoteza.

Yaliyotupata

Koperative yetu iko bondeni, upande wa Ruzizi. Tuna mulini moja inayosaga mahindi na mihogo. Mwezi wa pili, wakati magunia yamejaa depo na mvua bado inanyesha, puli ya mulini ilipasuka. Puli ni lile gurudumu linalopokea mkanda kutoka kwa motere. Kipande kidogo tu, sentimita 20 kwa upana. Lakini bila yeye, motere inalia bure.

Tulichukua vipande vilivyovunjika, tukavipeleka mjini kwa fundi anayemimina masufuria. Yeye alivifunga pamoja na waya, akavigandamiza katika mchanga, akatoa, akamimina aluminyumu katika lile tundu. Kesho yake tulikuwa na puli mpya inayong'aa. Tulifurahi sana. Ilidumu siku nane. Siku ya tisa ilipasuka hapo kitovuni, na kipande kimoja kikapita karibu na kichwa cha kijana wetu anayelisha mulini, kikatoboa bati la ukuta.

Tulipookota vile vipande, tuliona ndani ya kitovu mapango madogo madogo, kama mkate. Nje puli ilikuwa nzuri, ndani ilikuwa tupu.

Hapa tusimame kidogo tupige hesabu. Puli ya sentimita 20 inayozunguka mara 2500 kwa dakika, ukingo wake unakimbia mita 26 kwa sekunde. Ni mwendo wa gari linaloenda kilomita 94 kwa saa. Kipande kikitoka pale, si piesi tena, ni jiwe la kombeo. Mtoto wetu angekufa kwa sababu ya haraka yetu.

Hatumlaumu yule fundi wa masufuria. Sufuria anaijua kuliko sisi wote. Sisi ndio tulimpa kipande kilichovunjika na tukamwambia: «Fanya upesi, magunia yanaoza.» Hatukumwambia kipande kinafanya kazi gani, kinazunguka namna gani, kinabeba nini.

Muzee aliyeuliza kwanza

Mara ya pili tulitafuta muzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi katika fonderi ya mgodi, kule Katanga. Huyu hakusema bei. Alianza na maswali. Mulini inazunguka mara ngapi kwa dakika? Mkanda ni wa upana gani? Ile puli ya kwanza kabisa, iliyokuja na mashine, ilikuwa ya chuma cha kumimina au aluminyumu? Mhimili una unene gani? Nani atachonga tundu, turneri yupi, na mashine yake iko sawasawa? Maswali mengine hatukuwa na jibu, ikabidi turudi nyumbani kupima.

Kisha alitufundisha mambo manne. Tunayaandika hapa kwa sababu kila komite ya koperative inafaa kuyajua kabla ya kutoa franga.

La kwanza: metali ikipoa inapungua. Aluminyumu ikitoka maji kuwa ngumu inapoteza karibu sehemu 6 kwa 100 za wingi wake, na ikiisha kuwa ngumu inaendelea kujikunja kadiri inavyopoa, karibu milimita 13 kwa kila mita. Ndiyo sababu ukigandamiza piesi ya zamani katika mchanga, ile mpya haiwezi kuwa sawa nayo. Puli yetu ya sentimita 20 ilipungua zaidi ya milimita 2, kisha turneri akaikwangua ili iwe duara, ikapungua tena, kuta zake zikabaki nyembamba kama ganda la yai. Muzee alikuwa na rula yake ya pekee. Mita moja ya rula ile, ukiipima kwa rula ya dukani, ina milimita 1013. Tulicheka, tukamwambia rula yake ni ya kudanganya. Akajibu: «Inadanganya mti ili metali iseme kweli.»

La pili: penye unene panapoa mwisho, na panapopoa mwisho ndipo panapobaki njaa. Kuta za puli ni nyembamba, zinaganda kwanza. Kitovu ni kinene, kinaganda mwisho, na wakati kinapungua kinatafuta metali ya kujaza nafasi, hakiipati. Hapo ndipo yanazaliwa mapango tuliyoyaona. Dawa yake ni masoloti, yaani akiba ya metali inayowekwa juu ya sehemu nene, kubwa kuliko sehemu yenyewe ili ikawie kuganda na iendelee kuilisha. Baadaye inakatwa kwa msumeno na kurudishwa katika tanuru. Sisi wakulima tunalielewa hilo: ghala linafaa kuwa karibu na nyumba yenye njaa, na lisiishe kabla ya mavuno mapya. Fundi asiyeweka masoloti anaokoa makala kidogo, na anakuuzia pango.

La tatu: mitraye zote si sawa. Tunasema «aluminyumu» kama vile ni kitu kimoja. Hapana. Pistoni za motere, vifuniko vya silinda na maboksi ya vitesi vimetengenezwa kwa aluminyumu iliyochanganywa na silisiyumu, ili ikubali kumiminwa: inatiririka vizuri na haipasuki sana ikipoa. Nyaya za umeme, fremu za madirisha na mikebe ya vinywaji ni aluminyumu ya kuvutwa na kukunjwa. Ukiimimina peke yake inajaza kalibu vibaya na inapasuka. Puli yetu ya kwanza ilitoka katika nyaya, masufuria na madirisha. Ile ya pili ilitoka katika pistoni za malori tu, zilizosafishwa mafuta na kutolewa pete zake za chuma.

Hapo tuongeze neno la nyumbani. Kuna mitraye zisizofaa kabisa kuingia katika tanuru. Betri za gari zina risasi, na risasi ni sumu, inaharibu akili ya watoto. Watafiti waliopima masufuria ya kumimina kule Cameroon walikuta yanatoa risasi ndani ya chakula. Bati la nyumba nalo limepakwa zinki, na moshi wa zinki unampa fundi homa usiku uleule. Basi tukienda kununua hata sufuria ya bugali, tuulize iliyeyushwa kutoka kwa nini. Swali hilo si matusi.

La nne: maji ni adui. Mchanga wa kalibu unahitaji udongo wa mfinyanzi kidogo na maji kidogo sana. Muzee aliubana mkononi, akaufungua: ulibaki na alama za vidole, akauvunja ukakatika safi, na kiganja chake hakikulowa. Ukizidisha maji, mambo mawili yanatokea. Metali inakunywa hidrojeni ya yale maji, na ikiganda inaitoa kwa vipovu, unapata mkate tena. Au maji yanageuka mvuke kwa mara moja. Litre 1 ya maji ikiwa mvuke inachukua nafasi ya karibu litre 1700. Chini ya metali ya moto huo ni mlipuko. Kuna mafundi waliopoteza macho kwa njia hiyo. Ndiyo sababu muzee hakukubali mtu yeyote wa kwetu asogee akiwa na kandambili miguuni, wala hakukubali kumimina siku mvua inanyesha, hata tulipomsihi.

Modeli ni nini, na kwa nini tuilipe

Sasa tufike kwa jambo lenyewe. Kabla ya kugusa moto, muzee alikaa siku tatu na kipande cha mti mgumu, mkavu. Alichonga modeli, yaani sura ya puli kwa mti, kubwa kidogo kuliko puli tuliyoitaka. Sentimita 20 zilikuwa karibu 20 na milimita 8 au 9: milimita 2 na nusu kwa ajili ya kupungua, na milimita 3 kila upande kwa ajili ya turneri. Aliikata vipande viwili vinavyokutana kwa misumari ya mti, ili kila nusu ilale katika nusu yake ya mchanga.

Kuta zake hazikuwa wima kabisa, zina mteremko kidogo. Ukitaka kujua kwa nini, angalia mama anavyogeuza bugali kutoka katika bakuli. Bakuli limepanuka juu, bugali inatoka nzima. Chombo chenye kuta za wima kingeing'ang'ania na kuichana. Mchanga nao uko hivyohivyo: modeli isiyo na mteremko inachana kalibu ikitoka, na uchafu wa mchanga unabaki ndani ya piesi.

Kwa tundu la katikati alitengeneza kisanduku kidogo cha mti cha kupigia noyo, yaani ule mti wa mchanga mgumu unaosimama ndani ya kalibu ili metali ipite kando na kuacha tundu. Na kwa sababu aluminyumu ni laini kuliko chuma cha kumimina kilichokuwa cha kwanza, alikirefusha kitovu ili mfereji wa klaveti usiliwe upesi. Hiyo haikuwa kunakili. Hiyo ilikuwa kufikiri.

Siku alipotuambia bei ya modeli, baadhi yetu walinung'unika. Franga za kulipa mti? Mti ambao hautazunguka hata siku moja? Leo tumekwisha kuelewa. Piesi inachakaa, modeli inabaki. Puli ikivunjika tena, hatuanzi mwanzo: tunabeba modeli na kisanduku cha noyo mpaka fonderi, tunaleta na pistoni zetu, na baada ya siku mbili tumerudi. Tukijumlisha ile puli ya siku nane, safari zake na magunia yaliyoota ukungu depo, tulitumia zaidi ya tulichomlipa muzee kwa modeli na piesi pamoja.

Modeli ni kama mbegu. Mwenye mbegu yake haombi ruhusa ya kulima. Asiyekuwa nayo ananunua kila msimu, kwa bei ya mwenye duka.

Tusijidanganye

Hatusemi kila kitu kimiminwe kijijini. Huo ungekuwa uongo, tena uongo wa hatari.

Aluminyumu inayeyuka kwa digri 660, na tanuru la makala lenye feni ndogo linafika pale bila shida. Chuma cha kumimina kinaanza kuyeyuka karibu digri 1150, na ili kimiminike vizuri kinataka kupita 1300. Hapo unahitaji tanuru refu, koki na upepo wa nguvu. Na hata ukikiyeyusha, chuma kikipoa haraka katika sehemu nyembamba kinakuwa cheupe ndani, kigumu kama kioo na chepesi kuvunjika. Kikipoa polepole, chenye silisiyumu ya kutosha, kinakuwa cha kijivu na turneri anaweza kukichonga. Kwa meno ya kusagia, ule ugumu wa cheupe unatafutwa makusudi. Kwa puli au mguu wa mashine ni hasara. Kujua utapata kipi, kabla ya kumimina, ndiyo kazi ya mtu wa metali. Haionekani kwa macho siku ya soko.

Basi kuna vitu vya kununua tayari: mhimili, nyundo za mulini zinazotaka chuma kilichochomwa na kuzimishwa kwa ujuzi, na chochote kinachobeba uzito wa watu. Na kuna vitu vinavyoweza kumiminwa karibu na sisi kama modeli ni nzuri: puli, vifuniko, mikono, viti vya mhimili, magurudumu ya pompi. Komite inayochanganya orodha hizi mbili inacheza na maisha ya watu.

Si ujuzi wa bulaya

Tunasikia watu wakisema kwamba mambo haya ni ya wazungu, au ya China. Wanasahau. Kule Katanga, mbele ya mzungu yeyote kufika, wazee walikuwa wanachimba malakiti, wanaiyeyusha kwa makala katika tanuru za udongo, na kuimimina shaba katika kalibu kuwa misalaba. Misalaba hiyo ilitumika kama pesa, ikasafiri mbali sana na mahali ilipozaliwa. Mwaka 1960 Katanga ilipojitangaza, misalaba mitatu ya shaba ilichorwa juu ya bendera yake.

Na wale wayeyushaji walikuwa nani? Walikuwa wakulima. Kazi ya shaba ilifanywa wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha kuingia. Mkono uleule ulioshika jembe ulishika na kalibu. Ujuzi haukutoka mbali. Ulikatika tu njiani, na unaweza kuungwa tena, kama wazee wenye ujuzi wangali hai na vijana wanatumwa kukaa karibu nao.

Tunachoomba

Kwanza, tunajiomba sisi wenyewe. Kila koperative yenye mashine ianzishe daftari ya piesi. Mashine ikiwa nzima, siyo ikivunjika, tupime kila kipande: upana, unene, tundu, idadi ya meno, na tuchore. Piesi iliyovunjika haisemi tena vipimo vyake vyote.

Pili, tusiuze vyuma vyetu kwa kilo bila kufikiri. Wanunuzi wa mitraye wanapita na mizani yao, na tunawapa pistoni, puli na vifuniko kwa bei ya chumvi. Kesho tunarudi kununua metali ileile kwa fundi. Tutenge magunia: pistoni na vifuniko vya motere peke yake, aluminyumu nyingine peke yake, chuma peke yake, shaba peke yake. Betri zisiingie kabisa.

Tatu, koperative zenye mashine za namna moja ziungane kulipa modeli. Ziwekwe mahali pakavu, juu, mbali na mchwa, na jina la mashine liandikwe juu yake. Na katika karatasi ya makubaliano na fundi iandikwe wazi: modeli na kisanduku cha noyo ni mali ya koperative. Fundi asipokubali, tutafute mwingine.

Nne, tupokee piesi kwa kuipima, siyo kwa kuitazama. Zikimiminwa mbili za modeli moja na metali moja, tuziweke juu ya mzani mdogo wa dukani kabla ya kwenda kwa turneri. Iliyo nyepesi kuliko mwenzake kwa kiasi cha kuonekana ina pango ndani. Tuombe kuona mahali masoloti ilipokatwa: pakiwa na matundu, turudishe. Puli mpya izungushwe kwanza mbali na watu, na mkanda uwekewe kinga.

Tano, na hili tunalisema kwa heshima kwa mashirika yanayotusaidia, pamoja na lile linalochapisha gazeti hili. Mnatuletea mulini, tunashukuru, tunapiga picha pamoja. Lakini mulini inafika bila karatasi ya vipimo, na wakati mradi unafungwa, hatujui hata piesi inaitwa nani. Mashine moja pungufu, na badala yake modeli za piesi kumi zinazovunjika mara nyingi, zingetusaidia miaka mingi zaidi. Tena tunaomba mwaka wenu wa mafunzo usiishie kwa mbegu. Mtafute wale wazee waliotoka katika fonderi za migodi, ambao leo wanakaa tu nyumbani, muwalipe wafundishe vijana watatu watatu. Wakifa na rula zao, hakuna mradi utakaozinunua tena.

Sisi modeli yetu iko depo, imefungwa katika gunia, imening'inia juu ya magunia ya mahindi. Koperative yoyote ya bondeni yenye mulini kama yetu ije kuiazima. Tunaomba jambo moja tu: irudi kavu.